Mchanga Tumboni mwa Pono

Wanawake wa Shimoni wa rika la mama yangu wanaijua bahari kwa upande wa karai. Mvuvi akishusha samaki pwani, yake yamekwisha. Yao ndiyo yanaanza. Humpokea samaki kwa mkono, humfunua shavu waone wekundu wa matamvua, humbonyeza tumbo, humtia bei, humpara, humpasua, humpaka chumvi na kumtumbukiza kwenye mafuta, kisha jioni hukaa naye kando ya njia mpaka apate mnunuzi. Kwenye pwani ya kusini ya Kenya wanawake hawa huitwa mama karanga. Kazi hiyo imelipa karo, imeezeka nyumba, imewauguza waume na kuwazika. Mimi nimesomeshwa nayo tangu darasa la kwanza hadi chuo.

Lakini wengi wao hawajapata kufika wanakoishi samaki hao. Chombo cha kuvulia kilikuwa cha wanaume. Mwanamke alishuka ufukweni maji yakipwa, akaokota kombe na chaza. Alivuka mkondo kwenda Wasini au Mkwiro kwenye harusi au matanga, akarudi. Mbele ya hapo, kwenye visiwa vya Mpunguti na mwamba wa Kisite, hakuwa na shughuli. Mama amesikia majina ya mahali hapo kila siku ya maisha yake, maana ndiyo majibu aliyopewa alipouliza samaki ametoka wapi. Kutoka kizingitini kwake ni safari fupi ya mashua ya injini. Hakuwa amewahi kwenda.

Kwa hiyo mimi na dada yangu tulipopanga kuwapeleka watoto Kisite katika likizo ya Disemba, nilishikilia kwamba mama aende nasi. Jibu lake la kwanza lilikuwa, "Nikafanye nini huko, mwanangu? Samaki nishawaona." Binti yangu mdogo ndiye aliyemgeuza. Alimwambia, "Bibi, sisi tutawaona tu. Nani atatuambia ni nani?" Mama alinyamaza kidogo, akauliza mwezi umefika wapi.

Safari ya Kisite hupangwa na maji. Karibu na hapo kuna fungu la mchanga ambalo hujitokeza bahari ikipwa na kumezwa ikijaa, na mgeni akifika saa isiyo yake hulikosa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka karibu mita nne. Wakati wa maji mafu mwendo wake ni mdogo, na fungu hutokeza kwa shida. Mama hakuhitaji kuangalia popote. Amepokea samaki ufukweni miaka yote kwa kufuata saa hizo hizo. "Bamvua bahari hukauka saa nne, saa tano," alisema. "Tuondoke saa mbili." Nahodha tulipompigia simu alitaja siku ile ile na saa ile ile.

Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti ilitangazwa mwaka 1973, miaka mitano baada ya zile za Malindi na Watamu. Iko kusini ya kisiwa cha Wasini, si mbali na mpaka wa Tanzania, na hewa ikiwa safi milima ya Usambara huonekana upande wa machweo. Visiwa vyake ni vidogo, havina maji ya kunywa wala mkazi, vimezungukwa na miamba ya matumbawe. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 39, nalo limegawanywa. Kisite hakuvuliwi kabisa. Mpunguti mvuvi huruhusiwa kwa zana za jadi kama mshipi na dema. Mpaka wenyewe umo kwenye ramani, na juu ya maji unalindwa na maboya na boti ya doria ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS).

Mwaka huo wa 1973 mama alikuwa mke mchanga, na karai lake la kwanza alipewa na mkwewe. Mpaka ule anaukumbuka kwa uzito wa kapu. Wavuvi waliozoea kulaza madema Kisite walilazimika kwenda mbali zaidi, kwenye maji makali ambayo vyombo vyao vidogo havikuyaweza, au kurudi karibu na kugombania miamba iliyosalia. Wanaume walilalamika hadharani, kwenye mabaraza, na malalamiko yao yameandikwa na watafiti mara nyingi. Upande wa karai haukuwa na baraza. Mwanamke aliyezoea kununua samaki thelathini wa kukaanga akapata kumi, akapandisha bei kidogo, akapunguza unga nyumbani. Mama alipotusimulia haya hakuwa na hasira. Aliyasimulia kama mtu anavyotaja mwaka wa ukame. Hasira ni yangu, nami naiweka hapa wazi, kwa sababu naipenda hifadhi hii na ningependa iwe imeanza vingine.

Tulipofika gatini nahodha alimpa mama mkono kumshusha chomboni. "Shikamoo, bi mkubwa. Tahadhari, ubao una maji."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

Akamtaja babake. Mama akamtazama tena, akaona kitu kwenye paji la uso, akacheka. "Babako alikuwa akiniletea changu. Mtu wa haki. Hakuchanganya wa jana na wa leo." Kijana alifurahi kupita kiasi. Kuanzia hapo tulipewa nafasi nzuri karibu na tezi, na mama akawa mgeni wake yeye, sisi wengine tukawa abiria.

Mkondo kati ya Shimoni na Wasini una kina, na asubuhi ile maji yalikuwa yakitoka kwa kasi, ya kijani karibu na mikoko, ya buluu katikati. Kaskazi ilikuwa imeanza kuvuma, bado changa. Mama alikaa akishika ukingo, leso imefungwa kiunoni juu ya dera, jaketi la kuelea juu yake. Alikuwa akitazama chini. Penye kina kifupi, nyasi za bahari zilionekana zimelala upande mmoja kwa nguvu ya maji, na hapo akasema jambo ambalo sijawahi kumsikia akilisema. Alisema zamani nguva alikuwa akiletwa Shimoni. Si kila mara, lakini aliletwa, akagawanywa kama ng'ombe, na nyama yake nyekundu ilikuwa na mafuta mengi. "Alikuwa akila nyasi hizi," alisema. Watoto hawakuamini kwamba kuna mnyama wa bahari anayekula majani. Nahodha, ambaye maisha yake yote yamekuwa juu ya maji hayo, alisema yeye hajamwona hata mmoja.

Pomboo tuliwaona baada ya kupita Mkwiro. Sitakaa sana juu yao, kwa sababu kila aendaye Kisite hurudi akiwasimulia wao tu. Nitasema kwamba nahodha alipunguza injini na kuwaachia wao uamuzi wa kukaribia, wakakaribia, na kwamba mwanangu wa kiume, ambaye yuko katika umri wa kutopendezwa na kitu, alisimama mdomo wazi. Yatosha.

Kisite chombo hufungwa kwenye boya lililokwisha wekwa. Nanga ikiangushwa huvunja kwa dakika moja kitu kilichochukua miaka kukua. Kijana mwingine, aliyekuwa akituongoza majini, aliwapa watoto miwani ya mbizi na mirija, akawasomea masharti: msiguse, msisimame juu ya matumbawe, msiokote hata kombe tupu. Nikamwona mama akisikiliza kwa makini. Maisha yake yote amemjua samaki kwa kumgusa. Ujuzi wake uko kwenye kidole gumba kinachobonyeza tumbo na kwenye pua. Mahali hapa palikuwa pa macho peke yake.

Hatukutarajia ashuke. Tulikuwa tumemwekea kivuli na chupa ya chai. Lakini watoto walipoanza kupiga kelele kutoka majini, huyu mweusi ana mstari wa njano, huyu ana ndevu, huyu ana mdomo wa ndege, mama alikuwa akijibu kutoka juu bila kuona chochote: huyo mkundaji, huyo nani, hebu mwangalie mkia. Mwishowe akauliza kama ngazi ile inamchukua. Baharia mmoja akashuka kwanza na boya la kushikilia, dada yangu nyuma yake, nami nikawa nikimfunga miwani juu ya mtandio. Akashuka ngazi mgongo kwanza, polepole, akapumzika kila kipago. Maji yalipomfika kifuani alisema bismillahi akatia uso.

Alikaa kimya muda mrefu. Alilala juu ya maji, dera limefura, mikono miwili kwenye boya, na baharia akimvuta taratibu kuzunguka mwamba. Mara akainua kichwa, akang'oa mrija. "Tafi!" akasema, na akarudi chini. Kisha: "Changu, changu wengi." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekutana na mdeni wake: "Kikande!" Niliogelea kando yake nikamwona akiwaelekezea watoto kwa kidole. Kila samaki aliyempita alikuwa na habari zake. Tafi usimshike kwa pupa, miba yake ina sumu, mkono utauma usiku kucha. Kata mapezi kwanza, toa tumbo mapema, kwa sababu limejaa majani na huharibu nyama. Kikande ngozi yake ni ya kuchuna kama ya mbuzi, huwezi kumpara. Changu nyama imeshikana, hata mwanafunzi wa upishi hamharibu. Chewa kichwa chake ni supu ya mzazi. Pono mwache mpaka upande wa chini uive kabisa, ukimgeuza mapema anamomonyoka.

Na pono ndio waliokuwa wengi siku hiyo, wa kijani na wa waridi, wengine urefu wa mkono wangu, wakikwangua mwamba kwa midomo yao migumu. Ukiwa kimya chini ya maji unawasikia: mlio mkavu, kama mtu anayevunja karanga kwa meno. Kijana wetu aliwaeleza watoto. Pono hutafuta vijimea vilivyoota juu ya matumbawe na ndani yake, na ili avipate hukwangua na jiwe lenyewe. Kooni ana meno mengine ya kusaga. Kinachotoka upande wa pili ni mchanga mweupe, laini, na pono mmoja mkubwa wa aina fulani huweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka mmoja. Tulimwona mmoja akifanya hivyo mbele yetu: wingu dogo jeupe likateremka polepole hadi chini. Watoto walicheka mpaka wakameza maji. Kijana akaonyesha lile fungu lililokuwa likimeta nyuma yetu, akasema sehemu kubwa ya mchanga wa aina ile imepita tumboni mwa samaki.

Mama alikuwa ameinua uso akisikiliza. "Huo mchanga," alisema, "mimi nimeuosha miaka hamsini."

Alikuwa anasema kweli tupu. Kila pono aliyempasua alikuwa na utumbo uliojaa tope jeupe lenye chembechembe, na lazima ulioshe lote, ukisaza kidogo mlaji atatafuna changarawe. Yale meno ya kooni pia alikuwa akiyajua. Ni mfupa mgumu ambao kisu hukwama, na sisi tulipokuwa wadogo tulipewa tuchezee. Jambo ambalo mwanafunzi wa sayansi ya bahari hufundishwa kwa picha, mama alikuwa nalo beseni mwake kila alfajiri. Alichokuwa hajaona ni mwisho wake: kwamba tope lile alilolimwaga nyuma ya nyumba, likiachwa baharini, linakuwa nchi ya kusimama. Tulipopanda juu ya fungu aliinama akachota mchanga, akausugua katikati ya vidole, akaunusa. Akauweka chini, kwa sababu sharti lilisema usichukue kitu.

Nimeifikiria sana dakika ile. Hifadhi za bahari zimejengwa juu ya imani kwamba kuna njia ya kukipenda kitu bila kukichukua, na mimi naiamini imani hiyo. Ushahidi wake uko mle majini. Mtafiti Tim McClanahan, ambaye amekuwa akichunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, ameonyesha kwa vipimo vya miaka mingi kwamba penye kufungwa kuna samaki wengi zaidi na wakubwa zaidi, na kwamba sababu zake zimefungamana. Kikande, yule wa ngozi ya kuchuna, ana meno ya kuvunjia wale viumbe wa mviringo wenye miba mirefu myeusi wanaochoma nyayo. Akivuliwa akaisha, viumbe hao huzidi, hukwangua mwamba kuliko unavyoweza kukua, na mwamba hulika. Akiachwa, mwamba husimama. Mama anajua kikande ana taya la kuvunja kidole. Kuna mtu mwingine aliyejua taya hilo linamlinda nani. Nusu hizi mbili za habari moja zimekaa pwani moja kwa miaka mingi bila kukutana.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba kukaanga samaki ni sawa na kuchunguza mwamba. Nasema kwamba anayekaanga ana kumbukumbu ambazo mchunguzi angezihitaji. Miamba yetu ilianza kupimwa kwa utaratibu wakati mabadiliko mengi yalikuwa yamekwisha kutokea. Kabla ya hapo nani alikuwa akipima? Mvuvi humkumbuka samaki mkubwa aliyempata siku moja, na kila akisimulia samaki huyo huongezeka. Mama karanga anakumbuka samaki wa kawaida, wa siku za kawaida, kwa sababu ndiye aliyehesabu faida yake. Mama anaweza kueleza chewa wa siku za kuolewa kwake alikatwa vipande vingapi ili aingie karaini, na ni lini aliacha kununua karai kubwa kwa kuwa hakukuwa tena na wa kulijaza. Anajua ni mwaka gani pono wadogo, ambao zamani walirudishwa nyumbani kwa mvuvi kuwa kitoweo cha watoto, walianza kuwa bidhaa. Hizo ni takwimu. Hazijaandikwa popote, na waliozibeba wanazeeka.

Na ujuzi wake nao una ukomo, nilioushuhudia pale pale. Kulikuwa na samaki ambao hakuwa na la kusema juu yao: wale wembamba wa manjano waliokuwa wakienda wawili wawili, wanaodonoa matumbawe, wale wadogo wanaoishi ndani ya minyiri ya kiumbe laini na kutoka kumfukuza mtu. "Hawa hawafiki sokoni," alisema. Aliwatazama kuliko wengine wote. Binti yangu, ambaye amesoma vitabu vya picha, alimweleza kwamba wale wa wawili wawili huishi na mwenzi mmoja kwa miaka, na mama akamwambia baharia amrudishe pale tena. Siwezi kusema alichokiona. Nilimwona tu mwanamke ambaye tangu ujana wake kila samaki alikuwa na bei, akitazama samaki wasio na bei, hataki kutoka majini.

Alipotoka tulimfunika leso kavu, akanywa chai yake. Kijana wetu alikuwa akiwaonyesha watoto sehemu ya mwamba iliyokuwa imekufa, kijivu, imefunikwa na majani. Aliwaeleza kwamba tumbawe ni mnyama, au maelfu ya wanyama wadogo waliojenga nyumba moja, na kwamba ndani ya miili yao huishi vijimea vinavyowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Bahari ikipata joto hata nyuzi moja au mbili kupita kiwango chake, kwa majuma mfululizo, tumbawe huvitema vijimea hivyo. Tumbawe hubaki jeupe, na joto lisipopungua hufa kwa njaa. Mwaka 1998 ilikuwa hivyo pwani yote hii, kutoka Kiunga hadi kusini ya Tanzania na mbele. Sehemu nyingi za Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yaliyo hai. Hifadhi haikuwa kinga. Joto halisomi maboya.

Lakini pale samaki walipokuwa wengi, mwamba ulikuwa na nafasi ya kurudi, kwa kuwa walikuwepo wa kuusafisha majani ili matumbawe machanga yapate mahali pa kushika. Na siku hizi kuna vijana wa Mkwiro na Wasini wanaochukua vipande vilivyovunjika, kuvifunga kwenye fremu chini ya maji, kuvitunza hadi vikue, kisha kuvipanda mahali palipokufa. Kijana wetu alikuwa mmoja wao. Alieleza jinsi wanavyovisugua kwa brashi kuondoa majani, kimoja kimoja. Mama akamuuliza kwa nini hawawaachii tafi kazi hiyo. Akacheka, akasema tafi husaidia, lakini pale walipoweka fremu bado tafi si wengi. "Basi vulieni mbali na hapo," akasema mama. Kijana akanyamaza, akasema ndiyo hasa wanayoomba kwenye mikutano ya wavuvi, na wengine hawajakubali.

Chakula tulikula Wasini, kisiwa kisicho na gari wala kisima cha maji matamu, ambako mvua hukingwa kwenye majabia. Wali wa nazi, kaa, samaki wa kupaka, na mboga pwani zinazochumwa ufukweni na kupikwa kwa nazi. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe ya kale, yaliyokua chini ya maji zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko sasa, yakaachwa nchi kavu iliporudi chini. Wanawake wa kijiji wamejenga njia ya mbao kupita juu yake na kwenye mikoko, na kiingilio wanakitoza wao, na pesa hizo husaidia karo za watoto. Nilipenda kuona jinsi mama alivyozungumza na mwanamke wa mlangoni: walianza na jamaa, wakaingia kwenye bei ya mafuta ya kupikia, wakamalizia kwa mapato ya njia ile kwa mwezi. Mama aliuliza kila kitu. Nadhani alikuwa akipima kama bahari ya kutazamwa inaweza kulisha nyumba. Hakuniambia jibu lake.

Binti yangu hakugusa samaki. Alisema hawezi, amemwona muda mchache uliopita akiwa hai. Bibi mwingine angemkemea au kumbembeleza; bibi yake alimsogelea akamwambia, "Huyu ni changu. Hakutoka kule. Kule hawavui. Huyu ametoka nje ya boya, lakini huenda amezaliwa ndani." Akamwonyesha kwa kidole mstari wa ubavuni, jinsi nyama inavyoachana na mfupa samaki akiwa mbichi alipopikwa. Mtoto alionja kidogo. Bibi akamaliza sahani yake na ya mjukuu wake.

Tulirudi Shimoni alasiri, maji yanajaa, na mama hakutaka kwenda nyumbani moja kwa moja. Alituongoza banda la samaki, ambako chombo kimoja kilikuwa kimeshusha, na akasimama kando ya karatasi ya nailoni iliyotandazwa samaki. Aliinua pono mmoja kwa shavu. Kijana muuzaji, aliyekuwa hamjui, alitaja bei.

"Umemtoa wapi?"

"Mpunguti, mama. Kwa dema."

Mama alimwita mjukuu wake, akamshika mkono, akampeleka kidole chini ya shavu la samaki aone ubaridi na wekundu, kisha akakibonyeza tumboni. Mtoto akasema kuna kitu kigumu. "Ni ule mchanga," akasema bibi. Akamgeukia muuzaji, akamweleza kwamba nusu ya uzito anaotoza ni mwamba wa Kisite, na kwamba hatalipia mwamba. Kijana akabisha. Wakaendelea hivyo, bei ikishuka shilingi kumi kumi, huku binti yangu akiwa amechuchumaa kati yao, anawageuza samaki mmoja mmoja, anawauliza wote wawili kila mmoja anakula nini.